Mbuni Hukatwa Lini? Historia ya Msumeno Umatengo

Kwanza tuelewane: mbuni ninaouzungumzia hapa ni mti wa kahawa, siyo yule ndege mwenye shingo ndefu. Na ukitaka kuielewa Umatengo, ile milima ya Mbinga inayoteremka kwa ghafla hadi Ziwa Nyasa, mimi nakushauri usianze na machifu wala na vita. Anza na tawi la mbuni. Lishike, ulitazame vizuri. Lina vifundo vifundo, na kwenye kila kifundo kuna majani mawili yanayotazamana. Maua hutoka hapo kwapani mwa majani, kisha zinakuja punje. Kifundo kikishazaa, kwa kawaida kazi yake imeisha. Mwaka unaofuata punje zitakuja mbele yake, kwenye sehemu iliyoota msimu uliopita. Kwa hiyo kahawa inasafiri. Kila mwaka inasogea mbali na shina, kila mwaka inapanda juu, mpaka siku moja unakuta mti umempita mchumaji kwa urefu, katikati mtupu, umebaki na majani kileleni na punje chache ambazo ukizichuma zote hazijazi hata sahani.

Mti wa namna hiyo lazima ukatwe, na sijawahi kukutana na mkulima anayebisha hilo. Ubishi uko kwenye siku ya kukata. Ukate lini? Nani anaamua? Nimelelewa kwenye nyumba iliyokula, ikavaa na ikasoma kwa kahawa ya Kitura, na kadiri ninavyosoma historia ya kwetu ndivyo ninavyoona kwamba swali hilo dogo la msumeno limebeba mengi kuliko hotuba zote za maendeleo tulizosikia.

Wajapani wameandika sana juu ya swali hilohilo, ila kwa mti mwingine kabisa: momiji, ambao Mswidi Carl Peter Thunberg, aliyefika Japani mwaka 1775, aliuandika kitaalamu mwaka 1784 kwa jina la Acer palmatum, kwa kuwa jani lake lina vidole kama kiganja. Wajapani wenyewe waliona kitu kingine. Jina lao lingine la mti huo, kaede, limetokana na maneno yenye maana ya mkono wa chura. Napenda lugha inayoona chura pale ambapo mtaalamu ameona kiganja.

Momiji ni miongoni mwa miti inayopendwa sana na walezi wa bonsai, yaani wale wanaolea mti ndani ya chungu kifupi kwa miaka mingi, mpaka unakuwa na sura ya mzee wa msituni huku urefu wake haufiki magotini mwako. Kalenda yao ni kali. Matawi makubwa hukatwa baada ya majani kupukutika, mti ukiwa umelala kwa baridi. Ukichelewa ukakata wakati utomvu umeanza kupanda, kidonda kinavuja kweli kweli. Kuhamisha mti kutoka chungu hadi chungu hufanywa mwanzoni mwa majira ya kuchipua, macho ya mti yakiwa yamevimba lakini hayajafunguka. Mti unatolewa, mizizi inachambuliwa kwa kijiti, ile mirefu inayozunguka chungu inakatwa, udongo mpya unawekwa. Mti mchanga hufanyiwa hivyo kila baada ya mwaka mmoja au miwili, mzee huachwa kwa muda mrefu zaidi. Kisha machipukizi yakianza, mlezi anakaa na mkasi mdogo akiyapunguza moja moja.

Kinachonivutia ni kwamba mlezi wa bonsai husikiliza kitu kimoja tu: mti. Mti ukisema bado, anasubiri. Hana punje anazozidai. Hana mtoto wa shule anayengoja chungu kile kilipe.

Tuko mbali na Mbinga, najua, lakini twende polepole. Momiji huamshwa na joto baada ya baridi ndefu. Mbuni hauna baridi ya namna hiyo. Baridi ya Juni na Julai kwetu inakuvalisha sweta mbili, lakini haiwezi kumlaza mti kama ule wa Kijapani. Usingizi wa mbuni ni wa kiu. Mvua zikikoma, vichomozo vya maua vinajitokeza na kusimama hapohapo, vidogo, vigumu, vinangoja. Mvua ya kwanza ikishuka baada ya kiangazi, baada ya wiki moja na siku kadhaa mlima mzima unakuwa mweupe na harufu yake inakufikia kabla hujaona shamba. Maua yenyewe hudumu siku chache tu. Halafu ni miezi saba, minane, tisa ya kungoja punje ziwe nyekundu. Kusini kwetu, ambako mvua ni za msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili au Mei, maana yake ni kwamba kuchuma kunaanza katikati ya mwaka na kuishia karibu na Septemba.

Kwa hiyo kitaalamu jibu ni jepesi. Pogoa baada ya kuchuma tunda la mwisho, kabla ya mvua ya kwanza. Ondoa matawi yaliyokauka, yaliyopishana vibaya, yaliyozeeka. Maotea, yale machipukizi yanayosimama wima kutoka kwenye shina, yaondoe mwaka mzima kila unapoyaona, kwa mkono yakiwa bado laini. Na uwe na adabu na tawi la pembeni, kwa sababu tawi hilo ukilikata hadi kwenye shina halirudi tena mahali pale. Shina lenyewe ukilikata linachipua upya kwa nguvu, hata kama ni kisiki kilichobaki sentimita 30 tu kutoka ardhini. Ndiyo ajabu ya mti huu: ukiugusa kidogo kwa kukosea, umepoteza, ukiukata karibu wote, unaanza maisha mapya.

Sasa historia.

Wamatengo walikuwa wakulima wa mlima muda mrefu kabla ya kahawa. Katika karne ya 19, wakati wa uvamizi wa Wangoni, watu walijikusanya kwenye miinuko mikali, na huko walilima kwa ngoro, ule utaratibu ambao mgeni akiuona kutoka mbali anadhani mlima umefunikwa kwa sega la nyuki. Majani hufyekwa mwisho wa mvua, yanalazwa kwa mistari inayokatana na kufanya miraba, kisha udongo unachimbwa kutoka katikati ya mraba na kuyafunika majani. Katikati panabaki shimo. Mvua ikinyesha, maji yanaingia shimoni badala ya kuteremka na shamba lote hadi mtoni. Kufyeka ilikuwa kazi ya wanaume, kuchimba kazi ya wanawake. Maharage yanatangulia, mahindi yanafuata, halafu ardhi inapumzika. Ni kalenda iliyokamilika, haina nafasi wazi inayosubiri zao geni.

Kahawa iliingia katika kalenda hiyo miaka ya 1920, chini ya utawala wa Waingereza. Kilimanjaro ilishatangulia; mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameipanda Kilema kabla karne ya 19 haijaisha, na mwaka 1925 wakulima wa huko walikuwa tayari na chama chao. Kusini kulikuwa na sababu yake ya kuipokea, na sababu hiyo ilikuwa kodi. Serikali ilitaka fedha taslimu, na mwanaume wa wilaya ya Songea (Mbinga wakati huo ilikuwa ndani ya Songea) alizipata kwa kwenda umanamba, kukata mkonge Tanga au popote palipokuwa na mwajiri. Mbuni ulimpa njia nyingine. Ungeweza kulipa kodi bila kuondoka nyumbani. Nadhani hili halisemwi vya kutosha. Tunazungumza kahawa kama biashara, lakini kwa kizazi kile ilikuwa pia njia ya baba kulala kwake.

Mwaka 1936 kikaundwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT. Jina lenyewe ni historia: vilima vilivyokimbiliwa na mabonde yaliyokimbiwa vikawekwa kwenye muhuri mmoja, kwa ajili ya tumbaku ya upande ule na kahawa ya upande huu. Mwaka huohuo wa 1936, Ernest Hemingway alichapisha hadithi yake fupi, The Snows of Kilimanjaro. Naomba msomaji aiweke hadithi hiyo mfukoni, tutaihitaji baadaye kidogo.

Pamoja na mche, mkulima alipewa pia amri. Bwana shamba alikuja na kipimo cha shimo, futi mbili kwenda chini na futi mbili kila upande, lichimbwe miezi kadhaa kabla, lijazwe udongo wa juu na samadi. Alikuja na nafasi kati ya mti na mti. Alikuja na mkasi. Mtindo uliopendwa kwenye mashamba ya Wazungu ulikuwa wa shina moja: kilele kinakatwa ili mti usipande, matawi ya pembeni yanatengenezwa kila mwaka kwa mkono wenye ujuzi. Mti unakaa kama mwavuli. Ni kazi nzuri kuitazama, inakaribia kabisa ile ya bonsai, na inahitaji mtu asiye na kazi nyingine. Mkulima mwenye ngoro zake, mwenye mbuzi na msiba wa jirani, alihitaji kitu kinachosamehe. Mtindo wa mashina mawili au matatu kwenye kisiki kimoja ukawa ndio wake: yalee mashina kwa miaka kadhaa, yakichoka yakate, chagua machipukizi mapya yashike nafasi. Wataalamu wanashauri hata kuacha tawi moja la zamani limpumulie mti wakati kisiki kinachipua.

Kuna jambo la mizizi pia, ambalo walezi wa bonsai wangelielewa mara moja. Mche wa kahawa hukaa kwenye kiriba miezi mingi kabla ya kwenda shambani. Ukizidisha, mzizi mkuu unafika chini ya kiriba, unagonga, unapinda. Juu mche unaonekana mzuri, kijani kibichi, unapendeza kwa kuuza. Unaupanda. Miaka michache baadaye, siku ya mzigo wa kwanza mkubwa wa punje, mti unanyong'onyea na hujui kwa nini. Mkulima mwangalifu huchana kiriba, hutazama chini, na mzizi uliopinda huukata au huutupa mche wote. Mwenye bonsai anakata mizizi ili mti ubaki ndani ya chungu. Huku kwetu inakatwa ili mti usibebe umbo la chungu hadi uzeeni.

Miaka ilivyokwenda, kahawa ikawa ndiyo Mbinga. Mabati, baiskeli, ada za shule, hata mahari zikahesabiwa kwa kahawa. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikavirudisha kwa sheria ya 1982, na baadaye Mbinga ikapata chama chake chenyewe, MBICU. Hiki ndicho wazee wanachokikumbuka zaidi, kwa mapenzi na kwa hasira, kutegemea unayemuuliza. Mbolea na dawa vilikuja kwa mkopo, deni likakatwa kwenye malipo ya kahawa. Mkulima hakulazimika kuwa na fedha mkononi mwezi wa kupulizia dawa ya chulebuni, ugonjwa unaoozesha punje zikiwa bado mbichi. Angalia hapo: ushirika ulikuwa umempa mkulima muda. Na kukata mti, kama tutakavyoona, ni suala la muda kuliko la msumeno.

Maana kisiki kina bei yake. Ukiukata mti mzee mwaka huu baada ya kuchuma, mwakani utakuwa na machipukizi mazuri ya kupiga picha na hutakuwa na kahawa. Mwaka wa pili utakuwa na kidogo. Mavuno ya maana yanakuja baada ya hapo. Kwenye kitabu cha kilimo hii ni sentensi moja. Kwenye nyumba ni misimu miwili ya ada, chumvi, sabuni na dawa.

Mama mkubwa wangu alikuwa na miti karibu na nyumba iliyopandwa na baba mkwe wake. Namkumbuka akiongea na bwana shamba kijana, aliyekuja na rangi nyekundu ya kuwekea alama miti ya kukatwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hiyo rangi ni ya nini?"

"Mibuni hii imechoka, mama. Tunakata yote, tunaanza upya. Miaka miwili tu."

"Miaka miwili tu." Akazunguka mti mmoja, akaupapasa. "Huu umesomesha watatu. Wa nne yuko darasa la saba. Haya, nifundishe mwanangu: huyo wa nne nimwambie naye asubiri miaka miwili tu?"

Kijana aliweka kopo la rangi chini. Hakuwa mjinga, wala hakuwa na jibu. Kila mmoja alikuwa sahihi, mmoja kwa mti na mwingine kwa nyumba.

Mwezi Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya mauzo na kushikilia bei ya kahawa ulivunjika, na bei duniani ikaporomoka. Tangu msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa nchini. Walikuja Mbinga na fedha taslimu, jambo ambalo si dogo kwa mtu aliyezoea kungoja malipo ya pili na ya tatu. Ila hawakuja na mbolea ya mkopo. Ushirika ukayumba, madeni yakaulemea, na kabla muongo haujaisha MBICU kilikuwa kimeanguka. Watu wakaacha kupulizia. Wengine wakaacha hata kupogoa. Mibuni ikaachwa ipande.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mantiki yake inazunguka kichwa. Bei ikiwa juu, hakuna anayetaka kukata: kila tawi ni noti. Bei ikiwa chini, ndiyo saa nzuri ya kukata kwa mujibu wa hesabu, kwa kuwa unachopoteza ni kidogo. Lakini bei ikiwa chini ndipo mfuko hauwezi kungoja, na mbolea ya kukilisha kisiki haipo, na kisiki bila chakula kinachipua vijiti. Basi juu hukati, chini hukati. Mti unazeeka ukiwa katikati ya sababu mbili nzuri.

Na aliyeamua bei hakuwa Mbinga wala Moshi kwenye mnada. Mara nyingi ilikuwa baridi ya Brazili. Julai 1975 barafu iliunguza mamilioni ya mibuni kule Paraná, na miaka miwili iliyofuata wakulima wa Tanzania walipata bei ambazo hawakuwahi kuziona. Mwaka 1994 barafu ikarudi Brazili, bei ikaruka tena. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hakukuwa na barafu ya kutosha, kahawa ikajaa duniani, bei ikalala chali. Fikiria hilo: usiku mmoja wa baridi ng'ambo ya Atlantiki unampogolea mtu mmoja shamba lake lote, na asubuhi unamzuia mwingine wa Kitura asikate hata tawi.

Halafu kuna magoma. Msomaji wa Kagera anaijua kwa jina la butura. Magoma ni kuuza kahawa ikiwa bado shambani, mara nyingine ikiwa maua, kwa mtu mwenye fedha leo. Mwezi wa Januari au Februari, ghala limepungua na shule zimefunguliwa, unachukua kiasi fulani; Julai unalipa kwa kahawa ambayo thamani yake ni kubwa kuliko ulichochukua. Viongozi wameipiga marufuku mara nyingi, na tangu msimu wa 2018 kahawa yote ilielekezwa kupitia vyama vya msingi, AMCOS, kwenda mnadani. Sina ugomvi na marufuku hizo. Ninachosema ni kwamba magoma huondoa kitu ambacho haionekani kwenye hesabu za riba: haki ya kukata. Mti ambao mavuno yake yameshauzwa hauwezi kuugusa. Ukiwa na deni la misimu miwili, msumeno wako umekaa kwa mwenye duka. Wanaoandika kuhusu kuzeeka kwa mibuni husema wakulima hawana elimu ya kupogoa. Elimu ipo. Nimewaona wazee ambao hawajui kusoma wakieleza tawi lipi litazaa na lipi limekwisha, na wakipita chini ya mti uleule kila siku bila kuukata, kwa sababu si wao tena wenye ruhusa.

Ziwani hali ni nyingine, na sitakaa huko sana. Ukishuka hadi Mbamba Bay au Liuli umefika chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na arabika haiko tena. Ni mihogo, mpunga na dagaa. Watu wa pwani ya ziwa, ambao tangu mwaka 2012 wana wilaya yao ya Nyasa, waliifahamu kahawa kama fedha iliyoteremka mlimani kununua samaki. Mlima ukiwa na mwaka mbaya, samaki wanajua.

Sasa ile hadithi mfukoni. Mwaka 1952 Hollywood iliifanya filamu, filamu ikafika Japani, na huko jina la Kilimanjaro likashika midomoni kama jina la kahawa. Kwa utaratibu wa biashara wa Wajapani, arabika ya Tanzania huweza kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro hata kama haikutoka huko. Bukoba ndiyo iliyotengwa. Kutoka Mbinga hadi mlima wenyewe ni zaidi ya kilomita 800 kwa mstari ulionyooka. Hadithi ile si ya kahawa hata kidogo, ni ya mwandishi anayekufa kwa kidonda huku akiwaza alichoacha kuandika. Lakini jina la kitabu lina nguvu kuliko ramani, na yule mzee wa Omiya, kijiji cha walezi wa bonsai kilichoanzishwa mwaka 1925 baada ya tetemeko la Tokyo la 1923, akipumzika kutoka kwenye momiji yake anaweza kabisa kuwa anakunywa Mbinga iliyoandikwa Kilimanjaro.

Wajapani wengine walikuja wenyewe. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walifika Umatengo pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, na baadaye shirika la JICA likaunga mkono kazi hiyo. Walikuja kwa ajili ya ngoro. Walipima udongo, mashimo, majani. Walijifunza neno ntambo, ile sehemu ya mlima iliyoko kati ya vijito ambayo ukoo mmoja huishika na kuilima. Wakaona pia kilichokuwa kikitokea: kahawa ilikuwa imechukua miteremko ya karibu na nyumba, ngoro zikasukumwa mbali, na ardhi ya kupumzisha ikapungua. Yaani mbuni usiokatwa haukai tu ukizeeka. Unakaa mahali pa chakula.

Upande wa mbegu mambo yamesogea. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001 ikiwa na makao yake Lyamungu, ina kituo chake Ugano, hapohapo Mbinga, na imetoa aina mpya zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Ukipanda hizo, gharama ya dawa inashuka sana. Lakini aina mpya nayo inahitaji shimo, samadi na miaka ya kungoja. Swali linarudi palepale kwa mlango wa nyuma.

Mama mkubwa hakukata yote, wala hakukataa. Alichofanya ndicho wanachoshauri wataalamu wengi leo, ingawa sikumbuki kama kuna aliyemwambia. Aligawa shamba mafungu manne. Baada ya mavuno ya mwaka ule alikata fungu moja, lile la juu karibu na mwamba, ambalo kahawa yake ilikuwa haba. Akapanda maharage katikati ya visiki, kwa kuwa sasa jua lilikuwa linafika chini. Fungu la pili likafuata mwaka uliofuata. Kijana wa rangi nyekundu alirudi, akachagua naye machipukizi ya kubaki, mawili hapa, matatu pale, mengine wakayapunyua kwa vidole. Fungu la nne, lililo mlangoni kabisa, lilibaki na miti miwili ya baba mkwe ambayo msumeno haukuifikia. Mwaka jana mwezi wa Septemba, nilipoambiwa kwa simu kwamba kuchuma kumeisha na mvua bado, miti hiyo miwili ilikuwa imeshawekewa alama ya rangi, na binamu yangu alikuwa anatafuta msumeno wa kuazima.